Sanduku Lililomsalimu Mama Mkwe

Osborn Oriokot hajui kunyamaza mbele ya chombo kilichoharibika. Ukimpelekea redio atakuuliza habari zako, kisha ataiuliza na redio habari zake, na mara nyingi jibu la redio ndilo atakalolisikiliza kwa makini zaidi. Kibanda chake kiko Busia upande wa Uganda, nyuma ya soko, kati ya mshona viatu na mama anayeuza mitumba, na moshi wa lehemu umeingia hata kwenye mashati yanayoning'inia kwa jirani. Watu wanaovuka mpaka asubuhi kwenda kazini humpungia mkono wakiwa mwendoni. Wanajua akishaanza kueleza jambo, asubuhi yao imekwenda na maji.

Alianza na redio, akaingia kwenye spika za makanisa, halafu, mvi zikiwa zimeanza kuchungulia, akakutana na chipu. Ni kile kidude cheusi chenye miguu mingi ya bati, ambacho unakiandikia maagizo kwenye kompyuta, unayapitisha kwenye waya, nacho kinatii mpaka umeme ukatike, na ukirudi kinaanza kazi upya bila kununa. Kibao chake cha kwanza cha kujifunzia alikinunua upande wa Kenya, akakiunguza siku hiyo hiyo kwa kugeuza nyaya. Cha pili nacho kikaungua. Cha tatu kiliwasha taa moja ndogo, kikaizima, kikaiwasha tena, na Osborn akafunga kibanda mchana kweupe kwenda kumwonyesha mkewe Loy taa inayowaka na kuzima. Loy aliitazama kwa heshima zote. Baadaye alikiri kwamba muda wote ule alikuwa anangoja taa ifanye jambo lingine.

Chipu za mafundi wengine hutoa namba tupu. Za Osborn huongea. Kila programu anayoiandika anaitia sentensi fupi fupi, ambazo huzisoma kwenye kioo kidogo cha mashine au kwenye laptopu yake anapotafuta kosa: Niko sawa. Nasikia joto. Feni imegoma. Husema huwezi kumtibu mgonjwa asiyekwambia anaumwa wapi. Kwa hiyo alipoanza kutengeneza mashine za kuangulia mayai, masanduku ya mbao yenye balbu, feni na chipu ya kulinda joto, wafugaji wa Merikit na Kiyeyi walizipenda kwa sababu zinasema na mtu. Sifa hizo zilimwingia kichwani kidogo, tusimfiche.

Sasa, mama mkwe wake ni Nasirumbi, mjane, Msamia aliyeolewa kijiji cha Mwello. Kwa miaka mingi alibeba kuku kwenda kuwauzia Wakenya pale Busia, kuku wa shingo tupu, wabishi, wenye nyama ngumu na bei nzuri. Kuku hao ndio waliomsomesha Loy. Mwaka huu kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikaingia bomani kwake kikafagia wote, kuanzia jogoo hadi vifaranga. Kilichobaki ni kikapu cha mayai yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika. Ile ndiyo mbegu yote iliyokuwa imesalia, na hapakuwa na tetea hata mmoja wa kuilalia. Yale mayai yakiharibika, kuku wa Nasirumbi ndio basi tena.

Akamwambia Loy amwambie mkwe amtengenezee mashine.

Ilibidi Loy aseme, maana kule mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Osborn haingii nyumbani mwa Nasirumbi, achilia mbali chumba chake cha kulala. Wakikutana njiani, mmoja anapinda porini. Wakiwa na la kusemezana, Loy hulibeba kutoka huku akalipeleka kule, hata wakiwa karibu kiasi cha kusikiana wakikohoa. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na Osborn anampenda yule mama kuliko anavyoweza kusema, kwa sababu alimlea Loy akawa Loy.

Basi akatengeneza mashine nzuri kuliko zote alizowahi kuziuza. Loy akaipeleka Mwello na kuifunga mwenyewe kwa maelekezo ya simu, chumbani kwa mama yake, ambako hakuna upepo wala paka. Na kwa kuwa Osborn hawezi kuingia kumjulia hali mama mkwe, akaona aiandikie chipu imsalimu kwa niaba yake. Kila asubuhi na kila jioni kioo kiliwaka maandishi makubwa: Mulembe Mama. Ni mimi Osborn. Aliona amefanya adabu ya hali ya juu. Alijisifu nayo pale sokoni mpaka mshona viatu akahamisha kiti.

Mayai yalipokaribia kuanguliwa Loy alikwenda kukaa na mama yake. Asubuhi moja akapiga simu.

"Baba Emmy, hii mashine yako inalia tangu nimeamka. Inaandika Nasikia joto."

Osborn alitia laptopu kwenye mfuko, akachukua bodaboda mpaka Mwello, na njia nzima alikuwa akimweleza dereva jinsi kifaranga kinavyokufa ndani ya ganda joto likizidi. Alipofika, Loy alimwekea kiti nje, chini ya dirisha la chumba cha mama yake. Akakaa akiupa ukuta mgongo, asije akachungulia kwa bahati mbaya. Loy akapitisha waya dirishani, ncha moja kwenye chipu, nyingine kwenye laptopu magotini mwa mumewe. Maneno yakaanza kushuka kwenye kioo. Nasikia joto. Balbu nimezima. Nasikia joto.

"Balbu zinawaka?" aliuliza bila kugeuka.

"Zimezima zote," Loy akajibu kutoka ndani.

"Feni?"

"Inazunguka."

Akashuku sensa ya kupima joto inadanganya, akampa Loy kipimajoto cha kawaida akiweke kando yake. Kikasema vile vile. Akaandika upya sehemu ya feni, izunguke bila kupumzika, akaipitisha kwenye waya. Joto likazidi kupanda. Akaandika tena, akafuta, akaandika. Jasho lilimtoka, na maneno, ambayo hayajawahi kumwishia, yakaanza kumwishia. Kila kitu alichokiuliza kilikuwa sawa, na mayai yalikuwa yanapikika.

Ndani akamsikia Nasirumbi akisema polepole, si na Loy, si na yeye, "Mungu, niachie hata mmoja tu. Jogoo ama tetea, sichagui."

Osborn akafumba macho. Kisha akauliza, "Mama Emmy, kuna kitu kimewekwa juu ya sanduku?"

"Hakuna," Loy akajibu, haraka mno.

Ameishi na Loy muda wa kutosha kulijua lile jibu la haraka. "Matundu ya hewa pale juu yako wazi?"

Ndani ikasikika minong'ono ya Kisamia, mmoja akisukuma, mwingine akikataa. Mwishowe Loy akatoka nje, akakaa chini kando ya kiti, akawa anatazama uwanja usio na kuku.

"Kuna kitambaa," akasema. "Kile cha kufuma, cha kochi. Na juu ya kitambaa kuna blanketi."

"Blanketi?"

"Baba Emmy, wewe umemtumia mama salamu chumbani. Asubuhi anataka kuvaa nguo, sanduku linawaka, linasema ni mimi Osborn. Atavaa namna gani mbele ya mkwe? Alianza na kitambaa. Akaona bado mwanga unapita, akaongeza blanketi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba mama yangu anakuonea haya kwenye sanduku? Na siku zote hizo nikifunua kidogo nisome, ilikuwa inaandika Niko sawa."

Kweli ilikuwa sawa, na hapo ndipo Osborn alipoelewa. Siku za mwanzo yai ni baridi, linangoja kupashwa, na blanketi liliisaidia tu mashine kupumzika. Lakini kifaranga kikishakua ndani ya ganda kinatoa joto lake mwenyewe. Balbu zilikuwa zimezima kabisa. Vifaranga ndio waliokuwa wanachemshana chini ya blanketi la mama mkwe, kwa ajili ya adabu ya mkwe wake. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

"Mwambie alitoe sasa hivi."

Loy akaingia, akarudi mlangoni. "Anasema toa kwanza maneno yako."

Ilikuwa mstari mmoja tu. Osborn aliufuta, akauangalia ukipotea, akapitisha programu kwenye waya. Kisha akapaza sauti kidogo, kama anayezungumza na Loy. "Mama Emmy, mwambie Mama kwamba Osborn ametoka mle ndani. Imebaki mashine ya mayai peke yake."

Nasirumbi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi alichokusudia kukimeza, na kikamtoka. Blanketi likasikika likiburutwa.

Joto likaanza kushuka. Lilishuka mpaka pale linapotakiwa, chipu ikaandika Niko sawa, na Osborn hakufurahi, kwa sababu hakuna sensa yake hata moja inayojua kama aliyemo ndani ya ganda bado yuko hai. Loy akaenda jikoni kupika. Jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Yeye akabaki pale pale, mgongo ukutani, hana la kuandika wala la kufuta.

"Mkwe," sauti ikasema dirishani.

Alidhani amesikia vibaya. Loy alikuwa jikoni, hapakuwa na wa kubeba maneno.

"Mkwe, yai moja limeanza kupasuka."

Osborn akainamisha kichwa, akaijibu ardhi. "Usifungue, Mama. Liache lipasuke lenyewe."

"Sifungui. Natazama tu kupitia kioo cha mfuniko." Halafu, baada ya kitambo, "Linasukuma kutoka ndani. Lina nguvu."

"Ni lako, Mama. Lingekosa nguvu ningeshangaa."

Wakaendelea hivyo mpaka jioni, yeye akiuliza na ukuta ukimjibu, maneno madogo madogo ya ganda na ufa na mdomo, watu wawili ambao tangu harusi hawajawahi kukamilisha mazungumzo bila mtu wa kati. Mayai mengi yalikaa kimya, na yangekaa kimya moja kwa moja. Nasirumbi aliyataja kwa sauti ile ile, bila kumlaumu, na hilo lilimuuma Osborn zaidi ya lawama.

Kisha akasikia mfuniko ukifunguliwa, na kabla hajakataza, mkono ukatoka dirishani juu ya bega lake. Ulikuwa mkono mkavu, wenye alama za makucha ya kuku wa miaka mingi. Ukakishika kiganja chake, ukakifungua, ukaweka kifaranga ndani. Kilikuwa kimekwisha kukauka, manyoya yamesimama kotekote isipokuwa shingoni.

"Shika, Osborn," Nasirumbi akasema. "Kitazame vizuri, halafu unirudishie."

Hakugeuka. Alikifunika kwa mikono miwili, kikalia kwa hasira ndani ya vidole vyake, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya uwanja mtupu, ilhali mkono wa mama mkwe ungali begani kwake, ukingoja.