Nyuzi za Ukuta wa Kaloleni

Kabla sijafungua mlango nilisikia pini zikidondoka ndani ya mkebe, moja moja, bila haraka. Nikajua ukuta wa kaka yangu unavuliwa.

Shangazi alikuwa amesimama juu ya stuli. Mama alifariki usiku uliotangulia, na kwetu nyumba ya matanga huachwa wazi: makochi hutolewa nje, kuta hupunguziwa mapambo, waombolezaji wapate mahali pa kuegemea. Shangazi alitoka mtaa wa Umoja alfajiri akafanya lililompasa. Karatasi alizipanga vizuri, kubwa chini, ndogo juu. Nyuzi alizikata, akazikunja zikawa donge moja la rangi nyingi.

"Nimewatunzia," aliniambia. "Uzi mzuri huu, msiutupe."

Pale ukutani palikuwa na kazi ya miezi. Miaka ile ya tisini kompyuta ilikuwa kitu cha kutembelewa. Kaka alipata muda mchache tu chuoni mjini, basi skrini zake alizibuni nyumbani, kwa karatasi na uzi. Maktaba moja ya afya ilitaka makala zake zisomwe kwenye kompyuta, naye alitaka msomaji aone kwa macho jinsi makala zinavyoshikana. Uzi mwekundu ulisema hii inaieleza ile. Wa samawati, hii inaipinga. Kwenye skrini, ukigusa makala ya kuhara, makala ndugu zake zingesogea karibu, nyingine zingefifia, na njia uliyopitia ingebaki hafifu nyuma yako.

"Mtu hapotei kwa kutojua aendako," alizoea kuniambia. "Hupotea asipoona alikotoka."

Siku moja, mama akiwa bado hai, jirani yetu alichungulia dirishani. "Buda, hiyo ni kompyuta ama unafuma sweta?"

"Nikimaliza nitakushona mdomo," kaka alimjibu.

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kutoka kitandani alikougulia, ndiye aliyemshikia kaka ncha za nyuzi, akimkumbusha: hiyo ya maji uliitoa kwa kipindupindu, baba, irudishe.

Kaka aliporudi kutoka mochari, alisimama mbele ya ukuta mtupu. Matundu ya pini yalibaki, lakini hayakusema lipi lilishikana na lipi. Hakuwa amenakili chochote. Kila jioni alikuwa bado anahamisha nyuzi. Wiki ileile alitakiwa kuonyesha kazi, na wakiipenda wangemwajiri.

"Baba, umekula?" shangazi alimuuliza.

Alimtazama, akalitazama donge mkononi mwake. "Asante kwa kutusafishia, shangazi."

Waombolezaji wakaja, wakaegemeza migongo yao palepale alipokuwa akifanyia kazi, wakaimba. Tukasafiri magharibi kumzika mama. Tuliporudi, maktaba ilikuwa imempa mtu mwingine ile kazi. Hawakumkaripia, walimpa pole.

Asubuhi aliyoanza kibarua kiwandani, alikunywa chai akiwa amesimama. Nilimuuliza kama hataupanga tena ule ukuta, angalau kwa ajili yake mwenyewe.

"Mwekundu ulitoka wapi ukaenda wapi, mama ndiye alikuwa anajua," alisema.

Akaweka kikombe chini. Nilitaka kumwambia kwamba nami ningeweza kushika ncha za nyuzi, lakini alikuwa ameshatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.