Nilishiba Njiani, Mke Wangu Akafunga Nyumbani

Kosa ni langu, ndugu zangu, na silisingizii tumbo, ingawa lilishiriki kikamilifu. Mimi ni mwalimu wa dini huku Kihanga. Jina nimelificha, lakini majirani watanitambua kabla hawajamaliza mstari huu.

Mwaka jana, bei ya kahawa ilipokuwa nzuri na kila nyumba ina cha kupika, nilinenepa vibaya. Nikipanda kilima kwenda kuwahubiria washirika wa upande wa Kiruruma, nilifika sina hata sauti ya kuanzisha wimbo. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona kwamba kazi yangu apewe mwingine. Nikaogopa, nikaenda kwa bwana mganga wa zahanati.

Hakuwa na mizani ya watu. Akanipeleka pale inaponunuliwa kahawa, karani akanisimamisha kwenye mizani mbele ya wakulima na magunia yao. Ratili mia mbili na kumi na nne. Karani akauliza kama atoe uzito wa gunia. Watu wakacheka, nami nikacheka kwa kulazimika.

Bwana mganga akaniamuru nile nusu sahani asubuhi na jioni, tena nitembee kwa miguu siku tatu kila juma. Kulikuwa na swali moja la kuuliza: je, siku za kutembea nazo ni nusu sahani? Sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Sasa mke wangu. Huyu ni binti wa wafugaji, amekulia kwenye maziwa na samli. Kwao binti akiolewa akakonda ni aibu ya mume, na hakuna maelezo yanayosikilizwa. Nilipomweleza amri ya bwana mganga alinihurumia.

"Mwalimu," akasema, "huwezi kula nusu huku unanitazama mimi nikila nzima. Tutakula nusu wote wawili mpaka upungue."

Nilipaswa kumkataza. Badala yake nilimshukuru, nikamwombea na baraka.

Juma la kwanza nilikuwa mwaminifu. Juma la pili, katika kutembea kwangu, nikapita kwa bibi mmoja mjane wa Kiruruma. Kwetu mgeni haachwi aondoke na njaa. Akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akafunua chungu cha ndizi na maharage. Nikajiambia kwamba leo mwili umefanya kazi, basi kinachoingia leo miguu imekwisha kukilipia. Nikala. Nyumba ya pili nikala tena, maana miguu ilikuwa imeongeza kazi. Nyumba ya tatu kulikuwa na senene, wale panzi wa kukaanga.

Tangu hapo nikajiwekea sheria yangu. Siku ya kukaa, nusu sahani. Siku ya kutembea, sahani tatu za washirika na ile nusu ya nyumbani juu yake. Nikajitafutia na mstari wa Maandiko wa kunitetea, na kwa mtu wa kazi yangu haukosekani. Siku za kutembea zikapanda kutoka tatu hadi tano. Wazee wa kanisa wakasifu bidii yangu hadharani, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jioni nilifika nyumbani nimeshiba, nikakaa mbele ya nusu sahani na uso wa mateso. Mke wangu naye alikula nusu yake, yeye aliyeshinda kwenye migomba akipalilia. Siku moja katikati ya sala ya jioni tumbo lake likanguruma kwa nguvu. Akaniomba radhi, masikini. Nikamwambia aombe, kwamba njaa ni jaribu na litapita. Nilisema hivyo nikiwa na kipande cha senene katikati ya meno.

Msimu uliofuata wa kuuza kahawa ulipofika tukabeba yetu tukaipeleka. Karani akaniita kwenye mizani. Ratili mia mbili na ishirini na sita. Watu wakaangua kicheko, na mke wangu akakasirika kwa niaba yangu.

"Mizani yenu mbovu," akasema. "Mwalimu hali. Nusu sahani, mimi ni shahidi wake. Nipimeni na mimi muone."

Akapanda. Karani akasogeza vyuma, akavisogeza tena, kisha akasema taratibu, "Mama, gunia la kahawa limekuzidi kwa mbali."

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule bibi wa Kiruruma, aliyekuwa akingoja zamu yake, akaona anitetee.

"Nani kasema Mwalimu hali? Kwangu anakula vizuri sana. Jumanne nilimpakulia mara mbili, na bado jirani yangu alikuwa anamngojea."

Mke wangu alinitazama tumboni, siyo usoni. Akaifunga kanga yake vizuri, akaliacha kapu lake la kahawa pale chini, akashika njia ya kwao.

Kwa desturi, mume mkosaji humfuata mkewe na mbuzi na kibuyu cha rubisi. Mimi ninayeilaani pombe ya ndizi kila Jumapili nilikatiza vijiji na kibuyu kichwani, washirika wakitoka kunisalimu. Baba mkwe aliitikia shikamoo yangu huku anamkagua mbuzi.

"Nilikupa msichana, umenirudishia fito," akasema. "Ongea na mwenyewe."

Nikamweleza mke wangu habari ya miguu na kazi ya mwili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukasirika kwa kula kwako," akasema. "Anayetembea anasikia njaa, hilo kila mtu anajua. Ungeniambia, ningepika na tungekula wote. Lakini ulisikia tumbo langu likilia, ukaniambia niombe."

Nililia mbele ya wakwe zangu, nikarudi peke yangu.

Sasa kila Jumamosi nakwenda huko kwa miguu, kutwa nzima, na chakula hakinipiti kooni. Nimepungua ratili hamsini. Bwana mganga amenipongeza, na hatimaye nilimwuliza lile swali. Akasema siku ya mwendo mrefu ndizi mbili tatu za kuongezea hazidhuru, akashangaa kwa nini sikuuliza mapema.

Basi wewe unayepunguza mwili, uliza. Ukiruhusiwa nyongeza, uile nyumbani kwako, mwenzako akikuona, na umkatie naye. Na mtu akikuambia atafunga pamoja nawe, mkataze siku hiyo hiyo. Wewe utachoka, yeye hatachoka.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mke wangu amenawiri, mashavu yamejaa, anatikisa kibuyu cha maziwa apate siagi. Nikafurahi, nikamwambia kwamba sasa amepona, twende nyumbani. Hakuacha kutikisa.

"Nimenona hapa," akasema. "Kwako nirudi nikafuate nini?"

Nilitafuta jibu njia nzima ya kurudi. Bado ninalitafuta, na kesho ni Jumamosi.