Mrashi Uliofungiwa Kabatini

Siku niliyoolewa naikumbuka, mwanangu, na leo imenijia upya kwa kuwa nimekuona mjini, umechuchumaa mbele ya mchuuzi wa vitu vya kale, rupia mkononi, ukiigeuza kwenye jua. Nikacheka peke yangu. Haya, nikasema, ugonjwa wa baba yangu umempata na huyu!

Baba alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji, lakini roho yake ilikuwa kwenye kabati la kioo sebuleni kwetu Dagoretti. Humo alifungia rupia, senti za tundu, mabirika na vijiko vya fedha alivyovitafuta kila Jumapili kwa wauza vyuma vikuukuu. Ole wako ukisugua sarafu kwa ndimu! "Weusi huo ndio umri wake," alikuwa akifoka, "ukiuondoa umeiua." Alijua mambo yake, simsengenyi. Ila mimi niliyaonea wivu yale madude. Vijiko alivipangusa kwa kitambaa laini. Mimi sikumbuki akinishika mkono.

Kwenye rafu ya juu palikaa mrashi wa nyanya, mama yake baba: chupa ya fedha yenye shingo ndefu, ya kuwanyunyizia wageni maji ya waridi. Nyanya alipohama pwani kuja kukaa nasi, alimpa mwanawe amtunzie. Akautunza mno, maskini. Haukutoka tena.

Basi siku yangu ikafika. Majirani wamejaa, Waislamu na Wakristo, vigelegele hadi barabarani. Nilitaka jambo moja tu: baba anirashie kwa mrashi ule kabla sijatoka nyumbani kwake. Nikamwomba. Akaniletea chupa ya plastiki ya dukani! Wallahi nililia, wanja wote ukashuka mashavuni.

Lakini penye wazee haliharibiki jambo. Nyanya akasimama mbele ya kabati.

"Nipe ufunguo."

"Mama, hiki ni kitu cha kale. Kikianguka je?"

"Na mimi si wa kale? Mbona wanibusu mkono kila asubuhi, huogopi nitachakaa?"

Watu wakaangua kicheko. Nyanya hakucheka. Akasema, "Nilirashiwa kwa huu nilipoolewa. Tukawarashia watu kwa huu huu kwenye msiba wa baba yako. Leo anatoka binti yako wa pekee. Wamwekea nani mwengine?"

Baba akafungua. Akautia maji ya waridi mwenyewe, akaanza kuwapitia wageni mmoja mmoja. Mara jirani mmoja akageuka ghafla, akamgonga kiwiko, mrashi ukaanguka sakafuni, shingo ikapinda. Nikajua arusi yangu imekwisha. Baba akainama, akauokota, akautikisa sikioni.

"Bado yamo," akasema.

Akaja hadi kwangu. Akanirashia kichwani, kisha akaniwekea mkono pale pale kwenye nywele zilizolowa. "Nenda salama, mama," akaniambia. Hakuwahi kuniita mama maishani mwangu. Nikamkumbatia nikalia tena, kwa furaha sasa, na wanja haukuwa na maana yoyote.

Kwa hiyo kusanya, mwanangu, sikukatazi. Vya kale ni dhahabu. Usinunue kwa pupa, na uulize kila kitu kimetoka nyumba gani, maana vingine huondoka kwa machozi. Lakini chombo kilichofuliwa kwa ajili ya watu, kitoe watu wakitumie, hata kikipinda. Na ukishapata watoto, washike wao kwanza, wangali wadogo, wasije wakangoja hadi siku ya kukuaga.

Mungu akupe jicho la kutambua kilicho adimu, na likianza kutambua, lianze na walio nyumbani mwako. Amina, mwanangu.