Aliyekata Mrehani Wangu

Mara ya kwanza nilidhani ni kuku. Mara ya pili nikamlaani mbuzi wa jirani, Mungu anisamehe. Mara ya tatu niliinama nikautazama mrehani wangu vizuri, nikaona vijiti vimekatwa mshazari, safi kabisa, na vilivyochukuliwa ni vile vichwa vilivyoanza kuchanua tu. Ala! Kuku ana kisu? Nikasimama pale nyuma ya bafu, mkono kiunoni, nikasema kwa sauti ili asikie wa kusikia: "Haya. Mwenye kukata ana lake jambo, na nitalijua."

Mbegu za mrehani ule nilitoka nazo kwetu Kipini, nimezifunga kwenye pembe ya leso, siku nilipoletwa Garsen kuwa mke wa mtu. Mti wa kwanza ulisombwa na mafuriko ya Elinino pamoja na banda la kuku na nusu ya ukuta wa jikoni. Maji yalipopungua yaliacha tope jeusi, na katika tope hilo nikapanda mbegu zilizobaki. Lo! Sijapata kuona mmea ukishukuru namna ile. Mwaka uliofuata ulikuwa kichaka kinachonifika kifuani, shina lake limekomaa kuwa mti. Niliumwagilia maji ya kuoshea mchele, nikaupunguza ncha ili utanuke badala ya kurefuka. Majani niliyatia ndani ya mto wa kulalia, kwenye sanduku la nguo na kwenye chai ya mafua. Kishada nilichomeka nyweleni siku mume wangu anaporudi safari.

Sasa elewa kwa nini nilikasirika. Kwetu mrehani huombwa. Unabisha hodi, unasema, mwenzangu nina shughuli, nipe kishada, na mwenye mti ndiye anayekukatia kwa mkono wake. Hanyimwi mtu. Basi anayekata kwa siri si kwamba hana mrehani, bali hataki uulize ni wa nini. Na mrehani wa siri, tangu nilipokuwa kigori nilikuwa nikisikia wakubwa wakisema, ni wa mwanamume.

Mwanamume nilikuwa naye mmoja, na nilikuwa nikimchunga kwa macho yote mawili. Alikuwa fundi wa pampu za maji. Wakulima wa kijiji cha Wema wakimwita huenda, wa Ozi wakimwita huenda, na akienda hulala siku mbili, tatu. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na sijashika mimba. Hakuna aliyenisema, nasema kweli, lakini mtu asiye na mtoto husikia hata yasiyosemwa. Nilikuwa nikijua siku moja nitaletewa mke mwenzangu. Kilichobaki ni kujua siku yenyewe.

Nyumbani tulikuwa watu watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Mama mkwe alitoka huko juu mtoni, kwa Wapokomo wa upande wa Hola. Mafuriko yalikuwa yamemchukulia nyumba, shamba la ndizi na dada yake mkubwa, akaja kwetu na sanduku la bati kichwani. Alikuwa mama mtulivu, mwembamba, wa maneno machache. Mimi mtu wa maneno machache simwamini. Mwenye kelele kama mimi unajua analofikiri kabla hajamaliza kulifikiri.

Nikaanza kuchunguza. Kila asubuhi alikuwa akija mama mmoja wa Kiorma kutuuzia maziwa, mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzito. Akisimama penye ua, mama mkwe hutoka kumlaki kabla yangu, na hapo hunong'ona. Maziwa ya vikombe viwili yananong'onewa nini? Nikitokea na sufuria yangu, kimya. Mmoja anatazama juu, mwingine anatazama ndala zake. Nikaona hapo pana jambo. Mjane yule aliingia nyumba zote za Garsen, aliwajua mabinti wote walioiva na ambao hawajaiva. Ukitaka mtu wa kukutafutia mke wa pili, ungemtafuta nani kama si yeye?

Nikafunga nyuzi nyeusi kwenye vichwa vya mrehani, nyembamba, asizione mtu. Alhamisi alasiri nikajifanya nimelala. Nikasikia ndala, polepole, polepole, zikienda nyuma ya bafu. Nilipochungulia dirishani nilimwona mama mkwe ameinama na kile kisu changu cha vitunguu, anakata, ananusa, anatia chini ya leso.

Nikatoka. "Mama, unatafuta nini?"

Alishtuka mpaka kisu kikamponyoka. "Nafukuza kuku, mwanangu."

"Kuku gani?"

"Wameshaenda."

Akapita kando yangu akinukia mrehani wangu kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilimwacha apite, nikaingia ndani nikakaa juu ya kitanda na hasira yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi wangu nilikuwa nikimpikia uji.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, alikwenda kuoga akasahau kufunga sanduku lake. Au sijui, labda hakuwa akilifunga siku zote na mimi ndiye niliyedhani limefungwa. Sijivunii nilichofanya. Nililifungua.

Juu kabisa palikuwa na bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri. Chini yake chupa mbili za marashi ya mawaridi, udi ndani ya karatasi, pamba, na vidonge vyeupe vyenye harufu kali nilivyodhani ni dawa ya nondo. Na mrehani wangu! Umekaushwa, umefungwa mafungu mafungu kwa nyuzi nyeusi, zile zile nilizotegea.

Mtoto wa Kipini haambiwi hivyo ni vitu vya nini. Kitambaa cheupe, marashi, udi na mrehani vikikutana sanduku moja, panatandikwa kitanda cha biarusi. Kitambaa chenyewe kina jina, kisarawanda, na mimi nilitandikiwa changu miaka minne kabla. Kumbe mambo yamefika huko! Mahari yamekwisha kutolewa, siku imepangwa, na mrehani wa kumtandikia mwenzangu unakatwa kwenye mti wangu, kwa kisu changu!

Sikungoja. Nilichukua panga jikoni nikaenda nyuma ya bafu nikaufyeka mrehani mpaka kwenye udongo. Harufu ilijaa ua mzima. Kisha nikarudi nikalikokota sanduku mpaka nje nikalipindua. Chupa moja ikavunjika. Bafta ikakunjuka, ikaangukia pale maji ya bafu yanapotuama, ikanywa tope.

Mama mkwe alitoka mbio, povu la sabuni bado shingoni, leso ameishika kwa mkono mmoja. Na wakati huo huo yule mama wa maziwa akafika penye ua na jerikeni lake.

"Vizuri mmekutana!" nikapiga kelele. "Niambieni, huyo biarusi ni wa nani? Anatoka Wema au Ozi? Harusi lini, nipike pilau?"

Aliyesema ni yule mjane. Aliweka jerikeni chini taratibu, akatazama tope, akanitazama mimi.

"Biarusi gani wewe? Hiyo sanda."

Nikatazama tena. Pamba. Vidonge vyeupe. Kafuri, jamani! Ile ilikuwa kafuri ya maiti, na biarusi hatiwi kafuri, hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nikaipa jina jingine ili isinikatize hasira yangu.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuinama. Aliitoa bafta kwenye maji akajaribu kupangusa tope kwa kiganja, na kila akipangusa tope likazidi kuenea. Alisema bila kuniangalia.

"Dada yangu alikufa maji yakiwa yametuzunguka. Duka hakuna, nguo hakuna. Wakamfunga turubai la msaada. Lilikuwa na maandishi. Maandishi yakamkaa hapa." Akajigusa kifua. "Marashi hakuna, jani hata moja hakuna. Nikasema mimi nitajiwekea changu mapema."

"Kwa nini hukuniomba, mama? Ningekukatia mwenyewe!" Nilikuwa ninalia tayari.

"Ningekuombaje? Kila mwezi nakusikia unalia bafuni. Mtu anangoja mtoto, nimwombe majani ya maiti?" Akakamua pembe ya kitambaa. "Na wewe ndiye niliyekuwa nimekuchagua uje unioshe nikifa. Mimi sina binti. Nilimwambia huyu mama anifundishie wewe namna ya kuosha, siku ikifika usiogope. Tulikuwa tunatafuta la kukwambia."

Sina la kujitetea. Nilianguka magotini pale kwenye tope nikamshika miguu, nikamwomba radhi, nikamwomba tena. Akaniinua. Alisema amenisamehe, tena kabla sijaomba. Kisha akaenda kumalizia kuoga.

Mume wangu alirudi alasiri. Aliona kisiki cha mrehani kabla hajaweka chini mfuko wa vyuma vyake, akauliza kulikoni. Kama angeambiwa, wallahi sijui kama ningelala nyumba ile.

"Mbuzi," mama mkwe alijibu. "Waliingia wakaula wote. Mkeo amelia siku nzima, usimuulize sana."

Akaamini. Jioni akanipa pole kwa mrehani wangu, nami nikaipokea.

Niliifua bafta mara tatu nikaianika kivulini, lakini tope la mto wa Tana haliondoki kwenye kitu cheupe. Nikamnunulia nyingine. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniombea dua ndefu. Tukaendelea kula sinia moja, tukaendelea kupepeta mchele pamoja na kucheka. Ila wiki ile ile sanduku la bati liliondoka chumbani kwake. Lilikwenda kukaa kwa mama wa maziwa. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza.

Hapo ndipo tabia yangu iliponirudia. Niliushuku hata msamaha wake. Akinichekea najiuliza anacheka kwa dhati? Akisifu mchuzi wangu namtazama macho. Asubuhi alipokuwa akinong'ona na yule mjane penye ua, nilibaki jikoni nimeshika sufuria, nikingoja waniite. Nilijua wakinifundisha kuosha, basi msamaha ni wa kweli. Mara moja nilijipa moyo nikamwambia, "Mama, lile la kunifundisha, mimi niko tayari." Akanipapasa mgongoni. "Kuna wakati, mwanangu." Nikaenda zangu nikihesabu maneno yale: kuna, wakati, mwanangu. Nikayageuza kila upande. Sikupata chochote ndani yake, wala kibaya wala kizuri.

Alifariki masika yaliyofuata, asubuhi, baada ya homa ya siku nne, akiwa ameegemea bega langu. Uji nilimnywesha mimi. Macho nilimfumba mimi. Leso zilipotungikwa ili aoshwe, nilivua bangili nikaziweka dirishani, nikakunja mikono ya gauni mpaka juu ya kiwiko, nikasimama karibu na pazia.

Mama wa maziwa alifika na sanduku la bati, na wanawake wawili nyuma yake. Alinitazama mikono. Nadhani alinihurumia, na kwa mara ya kwanza sikushuku huruma ya mtu.

"Wewe tuletee maji," akasema.

Nikaleta maji. Nilibeba ndoo moja baada ya nyingine, nikaziweka chini ya pazia, na mkono ulitokea kwa ndani ukazivuta. Nilisikia maji yakimwagwa kwa upole. Nilisikia yule mjane akimwita mama mkwe kwa jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kuambiwa. Walipomaliza wakaniita nimwone. Alikuwa mweupe ndani ya sanda, safi, hana doa, hana maandishi, na mafungu ya mrehani yalikuwa kifuani pake.

Watu waliporudi kutoka makaburini na chai ilipokwisha kunywewa, mume wangu alikuja jikoni akakaa juu ya kibao karibu nami. Macho yalikuwa mekundu.

"Kuna jambo mama alinikataza nisikwambie," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza alipokuja na sanduku lake, aliniambia hana binti ila wewe. Wewe ndiye utakayemwosha. Leo nilipokuwa nimekaa nje na wanaume, hilo ndilo lililonituliza. Ulimwosha vizuri?"

Nilikuwa nimekunja mikono ya gauni hadi wakati ule. Sikuwa nimekumbuka kuishusha.

"Nilimwosha," nikasema.

Akaishika mikono yangu yote miwili, akaibusu, nami nikamwachia.