Jina Ambalo Qabale Hakulitaja

Mgonjwa akutajie jina lake, wewe usimtajie. Christabel, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Hewani, aliishika kanuni hiyo miezi miwili mizima katika kituo kidogo cha afya nje ya Garsen. Siku moja ya mwaka 1998, mafuriko yakiwa yameondoka na kuwaachia watu malaria, aliivunja kwa sababu ya adabu.

Wodini mlikuwa na watoto wawili walioitwa Dukicha: Dukicha Halake na Dukicha Wako. Asubuhi hiyo paa lilivuja, wakahamishwa vitanda. Christabel alikuja na sindano ya kwinini ya Dukicha Halake kwenye kitanda cha jana cha mtoto huyo.

"Mama, mtoto anaitwa nani?"

"Dukicha," akajibu Qabale, mama kijana wa Kiorma.

"Dukicha nani?"

Qabale akajifunika mdomo kwa ushungi. Jina la pili lilikuwa la babu wa mtoto, yaani baba mkwe wake, na kwao mke aliyelelewa vizuri hamtaji mkwewe. Christabel aliijua mila hiyo, tena alijivunia kuijua.

"Basi, mama, usione haya. Nimeelewa."

Alielewa nini? Mfagiaji, Muorma aliyeijua familia hiyo, alikuwa nje ya mlango, hatua kumi tu, angeulizwa angelitaja. Hakumwita. Akadunga.

Christabel alikuwa angali ameshika sindano wakati Gershom, muuguzi mkuu na mwalimu wake, alipoingia. "Huyo Dukicha Wako anaendeleaje? Nilimdunga kwinini saa mbili."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Dawa ile hurudiwa baada ya muda wa saa nane kupita. Ikizidi hushusha sukari mwilini, huyumbisha moyo, huharibu masikio. Hayo Christabel aliyaandika kwa mkono wake darasani. Daftari la dawa lilikuwa bado halijatiwa sahihi. Aliyeona ni Qabale peke yake, na Qabale hakujua alichokiona. Mtoto akifa, malaria ingebeba lawama.

"Mwalimu, nimemdunga tena," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Lete dripu ya sukari. Utalia baadaye."

Mtoto alitoka jasho, akatapika, akalegea. Kutwa nzima Christabel alishika kile kifundo chembamba cha mkono akihesabu mapigo, akiogopa kila lililochelewa. Qabale, ambaye sasa alikuwa ameelezwa yote, hakumwondolea macho.

Kukiri kwake kulimwokoa mtoto, wala asisifiwe kwa hilo. Ulikuwa wajibu wake. Siku ya tatu homa ilishuka. Qabale akapiga makofi nyuma ya kisogo cha mwanawe. Mtoto hakugeuka.

Dukicha Wako alikuwa na miaka minne. Aliishi, na hakusikia tena.