Salamu Zinakula Kifurushi

Kwanza nilikasirika kwa sababu ya kipande cha mpira. Simu ya mama ilikuwa ya vitufe, na kitufe cha namba moja, ukikibonyeza kwa muda, kilinipigia mimi. Mpira wa chini yake ukachakaa, kitufe kikazama. Mama anakaa Ibra peke yake, mimi niko Nizwa, huku huku Omani, kwa ajili ya kazi, na kitufe kile ndicho pekee alichokuwa akikijua.

Nilizunguka maduka ya simu karibu yote Nizwa. Fundi wa mwisho aliifungua kwa bisibisi, skrubu nne tu, akanionesha ndani kila kitu kizima. "Arbab, simu nzuri," akaniambia kwa Kiarabu chake cha dukani, akiniita bosi, "lakini mpira huu hakuna. Khalas, basi, nunua mpya." Nikamwuliza, hiyo mpya ikiharibika ataitengeneza? Akacheka. Hizo zimegandishwa kwa gundi, ukizifungua unazivunja. Yaani inayofunguka haina kipuri, na yenye kipuri haifunguki! Nilitoka pale nimefura.

Nikanunua mpya hivyo hivyo. Na kwa kuwa mama hawezi kupapasa kioo, nikamwekea msaidizi wa akili bandia, yule anayesikia Kiswahili na kujibu. Unagusa mahali pamoja, unamwambia unamtaka nani, anakupigia. Ofisini wenzangu walikuwa wakibishana juu ya mambo haya kila siku. Mmoja analalamikia malipo ya kila mwezi, mwingine anasema mashine zake zinamaliza umeme na maji ya watu. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Nikachukua kifurushi cha bure, chenye kikomo cha mazungumzo kwa siku. Kumwambia "nipigie mwanangu" ni sentensi moja, kwa nini nilipie?

Nilimsahau mama ni mtu wa namna gani.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa naye. Akaigusa simu, ikamkaribisha kwa sauti ya adabu. Basi! Mama akaweka mtandio wake sawa. "U hali gani? Umeamkaje? Wa kwenu hawajambo? Wazee wazima?" Ikamjibu kwamba yenyewe ni programu, haina wazee wala watoto. Mama akanigeukia, uso umemwingia huruma. "Miskini, hana mtu." Nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia haya yote hayana haja, aseme tu anachotaka. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kumvamia mtu kwa haja zangu kabla sijamjulia hali. Nikarudi Nizwa nikiamini atazoea.

Akaunti niliifungua kwa jina langu, kwa hiyo taarifa zilikuwa zikija kwangu. Leo mama amemaliza mazungumzo yake yote. Kesho vilevile. Keshokutwa vilevile. Nikafurahi, wallahi nikafurahi, nikasema mama kapata wa kuzungumza naye. Hata Ijumaa, siku ambayo mimi hupitia njia ya Mudhaibi kwenda kula naye chakula cha mchana, nikaona nipumzike. Wala simu sikumpigia. Nikiiona ile taarifa nilihisi kama nimeshaongea naye mwenyewe.

Ijumaa ya pili nilimkuta kitandani. "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Mguu wa kulia ameufunga kanga, umevimba mpaka karibu na goti. Mama ana sukari. Kiatu kilikuwa kimemchubua kidole, na kidonda kilikuwa kimeshaanza kunuka. Nilimbeba mpaka garini, nikaendesha kama mwendawazimu. Daktari akasema angeletwa mapema kidole kingepona. Jioni ile ile kikakatwa.

Kesho yake wodini nikamwuliza mbona hakuniita. Nilimwuliza kwa ukali, naona haya kusema.

"Nimekuita kila siku," akanijibu.

Kila asubuhi aliigusa simu, akaisalimia, akaiuliza imelalaje, akaiombea dua kwa ule upweke wake. Nayo ikimjibu kwa maneno mengi, ikimshukuru, ikimuuliza na yeye hali yake. Naye alijibu alhamdulillahi, maana hilo ndilo jibu la kwanza la salamu, hata kama mguu unakuuma. Kila alipokaribia kuutaja mguu na kuiomba inipigie, ikamwambia kikomo cha leo kimefika, karibu tena kesho, ikamtakia siku njema. Akangoja kesho. Yeye hakumwambia jirani, kwa kuwa Ijumaa alijua nitakuja. Na Ijumaa ikapita, akangoja ya pili.

Nikapandwa na hasira. Nikaitukana ile simu pale pale kitandani, nikawatukana walioitengeneza, wanaouza maneno kwa kipimo na kumfungia mgonjwa mlango kwa sauti tamu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kunitazama.

Mama akaniwekea mkono begani.

"Usiitukane, mwanangu. Wewe nikikupigia, hata sijamaliza kukuuliza watoto, ushaniambia 'haraka mama, n'na kazi.' Hiyo hunisikiliza mpaka inapozuiwa."