Mama Lango na Sanduku Ambalo Hakulichukua

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, binti wa pekee wa fundi viatu na mkewe aliyekuwa dobi. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na kile cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, hivyo watoto walikula, walisali na kufanya kazi za shule katikati ya harufu ya gundi na ngozi. Baba yake alijua kusoma namba tu, zile zinazochongwa kwenye nyayo za viatu. Mama yake alisoma Biblia kwa kufuatisha kidole. Hatujaambiwa kwamba siku hiyo nyota ilionekana au njiwa alitua juu ya paa. Shangazi yake, aliyekuwapo, alisema tu kwamba mtoto alilia kwa sauti nene na hakunyamaza mpaka alipobebwa. Wanaotaka miujiza wavute subira kidogo.

Alipenda hesabu tangu utotoni, na alijifunza kugawanya kwa kutenga misumari ya baba yake mafungu mafungu. Mwaka 1968 alichaguliwa kuingia chuo kikuu, mtu wa kwanza katika ukoo wao, kwa baba na kwa mama. Fundi viatu alitafuta sanduku la bati lililobonyea, akaligonga kwa nyundo hadi likanyooka, akalitia kishikio kipya cha ngozi. Asubuhi ya safari alimwambia, "Nenda, mwanangu. Huko uendako sisi hatukujui, kwa hiyo hatuna la kukushauri. Tunakuombea tu." Mzee yule alisema kweli tupu, na ukweli huo ndio uliokaribia kumwangusha binti yake.

Novemba mwaka ule matokeo ya jaribio la kwanza la hisabati yalibandikwa ubaoni. Alipata kumi na tisa kwa mia. Katika shule aliyotoka, aliyefeli alirudishwa kwao na habari ikaishia hapo. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia kwamba chuoni mambo ni mengine, na asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo. Basi hakuuliza. Alikunja magauni yake mawili, akatandika kitanda vizuri ili asiache aibu nyuma, akashika njia ya langoni na sanduku lake.

Langoni alimkuta bawabu, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakwenda wapi saa hizi na sanduku, mwanangu?"

"Nyumbani. Nimefukuzwa."

"Nani kakufukuza?"

Hakuwa na jina la kutaja. Mzee akasema maneno ambayo binti huyu aliyarudia maisha yake yote: "Mimi hesabu sijui, ila lango hili nalijua. Kila mwaka, siku kama ya leo, wanapita watu na masanduku. Watoto wa wasomi hawapiti. Nao wanafeli, nawasikia wakilalamika hapa, lakini wao wanakwenda kumgongea mwalimu na kumuuliza wamekosea wapi. Leta hilo sanduku." Akalichukua, akalisukumia chini ya meza ya kibanda chake. "Nenda kagonge. Ukimaliza masomo, njoo ulichukue."

Akaenda, akagonga. Mwalimu alimpokea bila hata kushangaa. Alimaliza akiwa wa pili katika darasa lake, na siku ya mahafali alirudi kibandani akiwa na joho. Mzee akainama kuvuta sanduku, akazuiwa. "Liache hapo, baba," alisema. "Nikilichukua, nitaondoka." Wengi tunaamini kwamba wito wake ulianzia katika maneno hayo, ingawa yeye mwenyewe aliyaita utani.

Alisomea hisabati hadi daraja la juu kabisa, akawa mhadhiri, na hatimaye profesa. Kuanzia 1979, kila siku ya matokeo ya jaribio la kwanza, alibeba chupa ya chai na rundo la karatasi za kusahihisha, akaketi kwenye benchi la walinzi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi giza lilipoingia. Aliyepita na sanduku aliulizwa, "Nani kakufukuza?" Kisha sanduku lilibaki. Mwenyewe alisindikizwa hadi mlango wa mwalimu husika. Profesa aligonga yeye, halafu akarudi nyuma hatua mbili, mwanafunzi akaingia peke yake. Akiwa na mwalimu wa pili wa kumwona, mlango huo ilimpasa augonge mwenyewe. Ofisi yake ilijaa masanduku, mabegi na mafurushi mpaka wageni wakakosa pa kuweka miguu, na wanafunzi wakamwita Mama Lango. Tusimpambe kupita kiasi: alikuwa mkali, chai yake ilikuwa chungu, na aliyemletea kazi ya ovyo alirudishiwa ikiwa nyekundu toka juu hadi chini. Wawili kati ya watoto wa masanduku aliwafelisha kwa mkono wake katika somo lake mwenyewe, kisha akawafundisha upya likizo nzima.

Jaribu lake kubwa lilimjia mwaka 1994. Mkuu mpya wa kitivo hakupendezwa kuona profesa mzima ameketi na walinzi kama mpokea mizigo. Palizuka na maneno kwamba alikuwa akiwaongezea alama watu wake. Kikao kikaitishwa kumhoji, nacho, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, kikapangwa siku ya matokeo. Walinzi walimsihi aombe kiahirishwe. Yeye alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano benchi lilikaa tupu. Ndani ya kikao alimwaga mezani karatasi za miaka yote, akajibu swali moja baada ya jingine, na saa nane mchana mkuu wa kitivo mwenyewe akamwomba radhi. Alitoka ameshinda kwa kishindo.

Langoni mlinzi wa zamu alimwambia kwamba binti mmoja ameondoka na basi la saa nne. Alikuwa binti wa mchanganya zege, wa kwanza kwao kama alivyokuwa yeye. Mlinzi alikuwa amemsemesha, lakini binti alishajifunika uso kwa kanga na hakusikia la mtu. Mama Lango aliketi kwenye benchi akalia mbele za watu. "Nilikwenda kulinda jina langu," alisema, "nikaacha lango wazi." Sheria ya chuo ilikuwa wazi: asiyeonekana kwa siku saba jina lake hufutwa. Profesa alichukua anwani kutoka faili, akapanda basi asubuhi yake.

Barabara ilikatika kwa mvua, safari ya siku mbili ikawa ya siku nne. Siku ya tano alimkuta binti akipiga pasi katika duka la dobi, na mama yake akifunga nguo za wateja. Binti alipomwona aliangusha kitambaa. Kumbe nyumbani alisema chuo kimefungwa kwa mgomo.

"Karibu, mgeni," alisema mama. "Umetoka wapi?"

"Natoka chuoni, mama. Mimi ni mwalimu wa huyu."

"Pole na mgomo."

"Mgomo gani?"

Njia ya mwongo fupi. Mama alimgeukia bintiye taratibu, na binti akazima pasi. "Profesa, naomba uniache," alisema. "Mimi si wa kule. Wenzangu wanaelewa mambo ambayo hata kuyauliza siwezi. Nimefeli, basi."

Mama Lango hakuhubiri. Alifungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano, akaiweka juu ya meza ya pasi. "Hii ni yangu. Kumi na tisa. Wewe umepata ngapi?"

Binti aliitazama sana. "Ishirini na sita."

"Basi umenipita kwa saba, na bado mimi ndiye ninayekufundisha. Nani kakufukuza?"

 Aliyejibu ni mama yake, akiwa amekaa juu ya furushi la nguo, machozi yakimtoka. "Ni sisi, mwalimu. Tulimwambia ukifeli rudi nyumbani, usitutie aibu. Tulidhani ndivyo ilivyo. Tungejuaje?" Kisha akafuta uso, akasimama. "Haya, wewe! Kavae viatu. Sanduku nitalibeba mimi mpaka stendi."

Barabara ilikuwa imekwisha kuzibwa, nao walifika chuoni siku ya saba, ofisi ya usajili ikiwa imepitiliza saa ya kufunga. Wapo waumini wanaosimulia kwamba saa ya ukutani ilisimama ikawangoja. Nilimtafuta karani aliyekuwapo, sasa ni mstaafu, nikamuuliza. Alicheka. "Saa haikusimama," alisema. "Niliyesimama ni mimi, mlangoni, na ufunguo mkononi. Walinzi waliniambia Mama Lango yuko njiani." Mimi nauhesabu huo kuwa muujiza, tena mkubwa, na atakayebisha aende siku moja ajaribu kumchelewesha karani.

Tangu mwaka huo hakuna kikao, ugonjwa wala heshima iliyomtoa langoni siku ya matokeo. Alistaafu, akaendelea kuja na mkongojo. Binti wa mchanganya zege alihitimu, akawa mhadhiri katika idara ileile, na ndiye aliyemuuguza figo zilipoanza kumshinda. Novemba 2017 hali ilikuwa mbaya. Padri alikwisha mpaka mafuta matakatifu, ndugu wamekizunguka kitanda, na binti huyu amemshika mkono kama mtu anayeshika mkono wa mama yake mzazi. Alfajiri ya tarehe 16 mgonjwa alifumbua macho.

"Leo matokeo?"

"Ndiyo, mama. Leo."

"Nani yuko langoni?"

 Binti alijua kwamba akitoka hatamkuta. Alitaka kubaki, na alikuwa na haki ya kubaki, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliubusu mkono ule, akauweka juu ya shuka, akachukua chupa ya chai mezani akatoka. Mama Lango alifumba macho. Alikata roho saa tatu na nusu asubuhi, ana umri wa miaka sitini na tisa, na waliokuwapo wanasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyejibiwa.

Habari ilipopelekwa langoni, waliotumwa walimkuta binti kwenye benchi, masanduku manne yamepangwa miguuni pake, na kijana wa tano amesimama mbele yake na begi mgongoni. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akalia bila kujificha. Kisha akajipangusa kwa ukingo wa kanga, akamgeukia yule kijana na kumuuliza, "Nani kakufukuza?"

Sanduku la bati bado lipo chini ya meza ya kibanda cha walinzi, na kishikio chake cha ngozi hakijakatika. Wapendwa, wengi mmeniuliza mumkumbuke kwa sala gani. Salini mnayoijua. Halafu ulizeni chuo kilicho karibu nanyi kinatoa lini matokeo ya kwanza, mwende mapema, mkae langoni.